Tangi la bahari likikorofisha: dalili na sababu zake kwa mwenye mfuko mdogo

Wenzetu wa Ulaya wanaofuga matumbawe nyumbani hununua unga wa chumvi kwa kilo, tena hununua hita ya kupashia tangi wakati wa baridi. Sisi wa Unguja na Pemba bahari iko mlangoni na joto limezidi mahitaji, kwa hiyo gharama hizo mbili tumesamehewa. Tatizo ni kwamba bahari ikiwa karibu mtu huiamini kila tone. Matangi mengi niliyoitwa kuyaangalia hayakuharibiwa na taa ya bei rahisi wala pampu iliyokwishatumika. Yaliharibiwa na maji: yamechotwa pabaya, yamefidiwa kwa maji yasiyofaa, au yameachwa yakapata moto wa Februari bila feni. Kwenye vifaa bana utakavyo. Kwenye maji usibane.

Kabla ya kununua dawa yoyote

Pima mambo manne: joto, chumvi, amonia na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke). Ukiwa na pesa ya ziada ongeza nitrati na fosfati. Tangi la matumbawe hukaa vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28, chumvi sehemu 35 kwa elfu (hidromita isome 1.025 au 1.026), amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati kati ya miligramu 2 na 15 kwa lita, alkalini 8 hadi 10 kwa kipimo cha dKH, kalisiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Ukishapima andika kwenye daftari, na tarehe. Namba moja peke yake haisemi kitu. Namba za wiki tatu zilizopangwa chini kwa chini ndizo zinazokuonyesha kinachopanda na kinachoshuka.

Kipimo chenyewe nacho kina uongo wake. Hidromita ya mkono wa plastiki ikishikwa na kipovu kimoja tu husoma juu zaidi ya ukweli. Igonge kidogo kipovu kitoke ndipo usome. Rifraktomita (kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho) isawazishwe mara kwa mara, na huhitaji kununua chupa ya maji maalumu. Pima kwenye mizani ya dijitali gramu 36.5 za chumvi ya kawaida, changanya na gramu 963.5 za maji safi kabisa, koroga mpaka iyeyuke yote. Maji hayo yatie kwenye rifraktomita, isome 35. Isiposoma, kaza au legeza ile skrubu ndogo mpaka ifike. Utakaa na chupa hiyo miezi, ilimradi kifuniko kimefungwa.

Halafu badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu anayebadilisha maji, taa na chakula siku moja hatajua kamwe kilichomsaidia.

Chumvi inapanda kila wiki, na hujaongeza chumvi

Maji huondoka hewani, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 10 bila kufidiwa, chumvi ya 35 inafika karibu 39, na hapo matumbawe laini yameshajikunja. Ukiwasha feni juu ya maji, lita 2 au 3 kwa siku kuondoka si jambo la ajabu. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo pale maji yanapofika tangi likiwa limejaa, na kila asubuhi rudisha maji mpaka kwenye tepu. Maji unayorudisha ni maji matamu, si ya bahari. Kosa hili hulifanya hata watu waliokaa na matangi muda mrefu: maji yamepungua, anamimina ndoo ya bahari, wiki ya pili hivyo hivyo, mwisho wa mwezi anajiuliza kwa nini konokono hawatembei.

Sasa, maji matamu yapi? Ya bomba na visima vyetu yametoka kwenye miamba ya chokaa, ni magumu, na kwenye mitaa iliyosongamana ambapo vyoo vya shimo viko karibu na visima huja na nitrati. Yapime kabla hujayatumia. Ukikuta nitrati, hayo ni mbolea ya majani ya kijani (mwani unaoota tangini) utakayoyalaumu baadaye. Ya bomba yakiwa na klorini, yaache wazi kwenye ndoo siku nzima yakipigwa hewa. Ya mvua ni mazuri, lakini si yale yaliyoteremka kwenye mabati: zinki ya bati na shaba yoyote iliyo njiani ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Tandika turubai safi uwanjani, iache mvua ya mwanzo ioshe hewa na turubai, kisha kinga. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi huonekana safi, na watu huyapenda kwa sababu ni ya bure, lakini yamepita kwenye mabomba ya shaba. Yaache. Kwa tangi dogo njia rahisi kuliko zote ni yale madumu ya lita 20 ya maji ya kunywa yaliyochujwa kwa osmosisi. Muulize muuzaji kama wanarudishia madini baada ya kuchuja. Kama wanarudishia, tafuta mwingine.

Chumvi ikishuka badala ya kupanda, mara nyingi skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu) inafurika: inatoa maji ya chumvi, nawe unarudisha matamu. Au ulichota maji wakati wa masika.

Kila ukibadilisha maji, mambo yanaharibika

Hapa ndipo bahari ya bure inapogeuka ghali. Ikiwa samaki na matumbawe walikuwa wazima Ijumaa, ukabadilisha maji Jumamosi, na Jumapili wamekunja, usitafute ugonjwa. Tafuta ulikochota.

Usichote ufukweni mwa mji. Mifereji na maji machafu ya Mji Mkongwe yanaishia baharini, na mbele ya Forodhani, Malindi au Funguni hakuna saa nzuri ya kuchota, hata maji yakiwa yamejaa na yanang'aa. Usichote karibu na mlango wa mkondo wa mikoko, wala pale boti zinapotiwa mafuta. Chota maji yakiwa yamejaa, si yakipwa, maana yanayopwa yanatoka na kila kilichokuwa pwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huingia kwa nguvu kutoka nje, na hapo ndipo napenda mimi kuchota. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku kadhaa. Wakati wa masika maji ya juu karibu na ufukwe hupungua chumvi, nawe usipopima utayatia tangini ukidhani ni yale yale ya Januari.

Njia bora ni kumpa mvuvi anayetoka nje ya mwamba madumu yako, nauli kidogo, na maelezo. "Nahodha, nichotee nje kabisa, na dumu lisuuze mara mbili na maji ya huko huko." Bila maneno hayo ya pili utarudishiwa maji yenye harufu ya petroli. Dumu lenyewe liwe la maji tangu kuzaliwa kwake. Dumu lililobeba mafuta ya kula halitakati hata ulisugue kwa mchanga. Litaacha utando wa mafuta juu ya maji, na utando huo huzuia hewa kuingia na huifanya skima itoe mapovu ovyo.

Yakifika nyumbani yachuje kwa kitambaa cheupe kisicho na sabuni, yafunike, yaweke gizani wiki moja mpaka mbili. Viumbe vidogo vitakufa na kutua chini. Mimina taratibu ukiacha mashapo, pima chumvi na amonia, yapige hewa usiku mmoja, ndipo utumie. Asilimia 10 kila wiki inatosha.

Maji yamegeuka meupe kama ya kuoshea mchele

Tangi likiwa jipya, halijatimiza mwezi mmoja, ni bakteria wanaongezeka. Ongeza hewa, punguza chakula, usibadilishe kitu; litatakata lenyewe ndani ya siku chache. Likiwa la zamani na weupe umekuja ghafla, nusa. Harufu ya uvundo maana yake kuna kitu kimefia nyuma ya mawe: hesabu samaki, inua jiwe la pembeni, pima amonia. Hakuna harufu, lakini jana ulitia chokaa au soda ya kupandishia alkalini (nitazieleza mbele)? Kalisiamu imeganda na kuwa unga kwa sababu ulitia nyingi kwa mara moja. Usitie tena kitu. Itatua, na baadaye utakuta ukoko mweupe kwenye pampu, unaotoka ukiiloweka kwenye siki.

Samaki wanahema juu ya maji

Jamaa mmoja wa Kikwajuni alinipigia alfajiri: "Kaka, samaki wamepanda juu wote, na maji ni safi kuliko jana." Nikamwomba aangalie tena saa 6 mchana. Mchana walikuwa wanaogelea kama kawaida. Hilo ni tatizo la hewa, si sumu. Usiku majani na matumbawe hayatoi oksijeni, yanaitumia, na kiwango chake huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Elekeza mdomo wa pampu juu mpaka uso wa maji utikisike, ondoa kifuniko cha kioo, futa utando wa mafuta kwa karatasi ya jikoni uliyoilaza juu ya maji. Mara nyingi huhitaji kununua kitu.

Wakihema mchana na usiku, mashavu yao yamekuwa mekundu, pima amonia na nitriti. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 bakteria wakomae: kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, la pili linageuza nitriti kuwa nitrati. Samaki akitiwa kabla ya hapo anakaa ndani ya mkojo wake. Amonia huwa kali zaidi kwenye pH kubwa na joto, na maji ya bahari ya kwetu yana vyote viwili. Badilisha nusu ya maji leo, nusu tena kesho, na usilishe. Mwenye rafiki mwenye tangi zima amwombe gao la mchanga wake na sponji chafu ya chujio. Bakteria watakuja nao bure.

Tumbawe limekuwa jeupe

Sogea karibu na kioo, tazama kwa tochi kabla ya kuamua. Kuna weupe wa aina mbili. Tumbawe likiwa bado lina mnofu, umekuwa kama umefifia unapitisha mwanga, na ukizima taa vidole vidogo vinatoka, hilo limepauka tu: limewafukuza mwani wadogo sana wanaoishi ndani ya mnofu wake na kulilisha. Halijafa, na linaweza kurudi. Lakini ukiona mfupa mtupu, mnofu unachanika kwa vipande ukianzia chini au kwenye kingo, hapo mnofu unakufa. Weupe wa namna hiyo hufunikwa na majani ndani ya siku chache.

Kupauka sababu yake ya kwanza huku kwetu ni joto. Mwaka 1998 na tena 2016 joto la bahari liliyapausha matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwemo, na hayo yalikuwa na bahari nzima ya kuyapoza. Lako lina lita 100 sebuleni. Kaskazi ikitulia Februari na Machi, chumba cha ghorofani chenye paa la bati hufanya tangi lipite nyuzi 31 bila wewe kujua. Feni ndogo ya kompyuta au ya mezani ikipuliza moja kwa moja juu ya maji hupunguza nyuzi 2 hadi 4, ilimradi kifuniko kimeondolewa na dirisha liko wazi. Wakati wa masika hewa ikiwa nzito feni hupoteza nusu ya kazi yake. Hapo tia chupa ya barafu iliyofungwa, moja baada ya nyingine, na usishushe zaidi ya nyuzi 2 kwa siku. Hamisha saa za taa pia: iwake kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 4 usiku badala ya kuongeza moto wa taa juu ya moto wa mchana. Na kama jua la dirishani linapiga kioo, pazia ni rahisi kuliko mashine ya kupoza.

Sababu ya pili ni taa mpya. Taa za LED za bei nafuu zinazouzwa siku hizi zina nguvu kuliko zinavyoonekana, hasa rangi ya buluu. Ukibadilisha taa anza na nusu ya nguvu, au iinue juu, kisha panda kidogo kidogo kwa wiki tatu. Tumbawe lililopauka kwa mwanga lishushe chini kabisa kwenye mchanga, kwenye kivuli, na ulilishe vipande vidogo sana vya kamba mbichi aliyesagwa mara mbili kwa wiki, maana kwa sasa halina wa kulipikia.

Mnofu ukichanika, pima alkalini. Kupanda na kushuka kwake kwa ghafla huua matumbawe magumu haraka kuliko kiwango kidogo kisichobadilika. Kata kipande kizima mbali na jeraha, kibandike kwenye jiwe lingine.

Lingine la kusema hapa, kwa kuwa tunazungumzia vipande: tumbawe hai usiling'oe mwambani. Chumbe, Mnemba, Ghuba ya Menai na Misali ni maeneo ya hifadhi, na hata nje yake nenda kwanza ofisi ya uvuvi uulize kibali kabla ya kutoa kitu chochote hai. Vipande vya kutoka tangi la mwenzako ndivyo bora pia kwa sababu vimeshazoea kioo, na huja bila wadudu wa porini.

Matumbawe hayajafa, lakini hayakui na hayafunguki

Kwanza angalia usiku kwa tochi nyekundu. Kaa mdogo aliyeingia na jiwe anaweza kuwa anayachokoa kila usiku, nawe unasumbuka na vipimo. Pili, mkondo: yanataka maji yanayoyumba, si pampu inayoyapuliza upande mmoja mpaka yanainama.

Kisha alkalini. Matumbawe magumu na mwani wa waridi unaofunika mawe huila kila siku. Bikaboneti ya soda ya dukani, ile tupu, huirudisha kwa bei ya pakiti ya biskuti. Isiwe bekingi pauda, wala magadi ya kupikia maharage. Gramu 3, takriban nusu kijiko cha chai, huongeza alkalini kwa dKH 1 kwenye lita 100. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji matamu, imimine polepole kwenye mkondo wa pampu, na usipite dKH 1 kwa siku.

Chokaa nayo ni ya zamani na inafaa, kwani huleta kalisiamu na alkalini pamoja. Iwe ile safi ya vyakula. Ya kupakia kuta, au iliyochomwa kienyeji, ina vitu vingine ndani yake na sishauri. Gramu 1.5 kwa lita moja ya maji matamu, funika, acha itue, chukua maji ya juu tu, yadondoshe tone kwa tone usiku badala ya maji yako ya kufidia. Ni kali, huchoma macho na ngozi. Weka mbali na watoto.

Vumbi la kahawia, majani ya kijani, utando mwekundu

Vumbi la kahawia kwenye mchanga wa tangi jipya ni daiatomu. Liache, litaondoka.

Majani marefu ya kijani maana yake kuna chakula cha mimea kinachozidi. Usidanganywe na kipimo cha nitrati kikisoma sifuri. Majani yenyewe ndiyo yaliyokwishaila. Tafuta mlango unaoingilia. Ni maji ya kufidia? Ni chakula? Kamba na ngisi wa sokoni wanafaa sana na ni rahisi, ila wasuuze, wakate wadogo, na yale maji ya barafu iliyoyeyuka yamwage sinki, usiyatie tangini. Dagaa wana mafuta mengi mno. Au ni mawe?

Mawe nayaeleza kidogo kwa sababu ndipo mtu hapa anapookoa pesa nyingi. Mawe ya matumbawe ya kale, yale yale yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe, yanafaa kwa tangi na yanapatikana kwa bei ya mawe ya kujengea. Chagua mepesi yenye vitundu, si yale mazito yaliyoshikana. Lililotoka kwenye ukuta uliobomolewa lina chokaa au saruji, nalo litapandisha pH. Loweka kila jiwe kwenye ndoo ya maji ya bahari wiki moja, pima: pH ikizidi 8.6, badilisha maji uloweke tena, isiposhuka, litupe. Pima na fosfati ya ndoo hiyo. Jiwe lililokwishakuwa na viumbe, hasa vile vidogo vilivyoshikana mfano wa maua ya kahawia, usilichemshe kamwe jikoni. Baadhi ya viumbe hivyo wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwalaza hospitali watu wa nyumba nzima.

Dawa ya kudumu ya majani ni kuyashindanisha na mwani mwingine. Huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, kina mama watakupa konzi ya spinosum mbichi (aina ya mwani wanaoulima) kwa bei ya soda. Iweke kwenye chumba cha pembeni cha tangi, au kwenye ndoo yenye pampu ndogo, chini ya balbu ya LED inayowaka usiku wakati taa kubwa imezimwa. Itakula nitrati na fosfati, na itazuia pH isishuke sana usiku. Punguza kila wiki. Unachokitupa nje ndicho kilichotoka majini. Ikianza kuwa nyeupe na laini iondoe siku hiyo hiyo, maana ikioza inarudisha kila ilichokula. Wakulima wenyewe wanaijua hali hiyo vizuri, huwapata wakati wa joto.

Utando mwekundu unaobanduka kama shuka si majani, ni bakteria wa rangi. Hukaa pale mkondo ulipolegea. Uvute kwa mpira, geuza pampu ielekee hapo, zima taa siku tatu. Wapo wanaosaga vidonge vya antibiotiki vya duka la dawa wakatia tangini. Utando unaondoka kweli, na pamoja nao unaweza kupoteza bakteria wa chujio.

Makamasi ya kahawia yenye vipovu, yanayotoweka usiku na kurudi alasiri, huku nitrati na fosfati ni sifuri kabisa, ni kisa kingine: dinoflajelati, viumbe wadogo sana. Hapa usafi ndio uliowaleta. Acha kubadilisha maji kwa muda, ongeza chakula, toa ile spinosum.

Kamba na kaa wamekufa usiku mmoja, samaki wazima

Uliza nani alipuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, na jamii ya kamba na kaa ndiyo inayotangulia kufa. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuiingiza moja kwa moja majini. Kabla ya kupuliza, au wapulizaji wa malaria wakipita mtaani, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa plastiki na taulo lenye maji, acha pampu ya ndani ya maji ifanye kazi, fungua madirisha saa kadhaa baadaye kabla ya kufunua. Limekwishatokea? Badilisha maji mengi, tia mkaa wa chujio mpya. Mkaa wa kupikia haufanyi kazi hiyo.

Kama hakuna aliyepuliza, tafuta shaba au kutu: sarafu ya mtoto, skrubu ya pampu, sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka.

Nukta nyeupe kwenye samaki

Chembe za ukubwa wa punje ya chumvi ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Zikianguka baada ya siku chache hajapona. Kimelea kimeteremka mchangani kuzaana. Dawa ya shaba inamuua, lakini ukiitia kwenye tangi la matumbawe umeua kila kisicho na mifupa. Hamishia samaki wote kwenye pipa la plastiki lenye chujio na hewa. Huko unaweza kushusha chumvi taratibu, kwa siku mbili, mpaka hidromita isome 1.009, na kukaa hapo wiki nne. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa miezi miwili na nusu. Najua ni muda mrefu. Ikiwa badala ya chembe unaona unga mwembamba wa rangi ya dhahabu na samaki hawali, usisubiri hata siku moja. Huo huua haraka zaidi.

Umeme umekatika

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Hatutarajii hilo kila mwaka, lakini saa sita za kukatika ni jambo la kawaida. Taa isikusumbue, matumbawe huvumilia siku kadhaa bila taa. Kinachoua ni maji kusimama. Betri ya volti 12 ya Ah 7, ya kengele za ulinzi, huendesha pampu ya wati 5 kama saa 8 bila kuichosha betri. Usipokuwa nayo, chukua kopo, teka na umimine kutoka juu kila robo saa, na usilishe. Umeme ukirudi, kama una chujio la kopo lililofungwa, usiliwashe kwanza: maji yaliyokaa ndani yake bila hewa yameoza. Yamwage, lisuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ikirudi na kelele au isizunguke, ifungue. Mara nyingi ni ukoko tu, si kuungua. Stebilaiza ndogo ni rahisi kuliko pampu mbili.

Waya wa kila kifaa uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke sakafuni na si kwenye umeme. Soketi iliyoota unga mweupe wa chumvi ibadilishe.

Kioo kinavuja

Punguza maji chini ya mvujo, kausha, kwangua silikoni ya zamani yote kabla ya kupaka mpya, maana mpya haishiki juu ya ya zamani. Mwambie fundi wa vioo atumie ile inayonuka siki na isiyoandikwa kuwa inazuia ukungu. Ya kuzuia ukungu, ya bafuni, ina sumu ndani. Iachwe siku saba. Na kama unaishi ghorofani kwenye nyumba ya zamani yenye dari la boriti, lita 100 na mawe yake hupita kilo 130: tangi likae kwenye ukuta, likikatiza boriti kadhaa, kamwe si katikati ya chumba.